Bonde Nililolifunga Hadi Agosti

Sheria ndogo ya malisho ya kijiji anakoishi dada yangu, huko Butiama, niliiandika mimi. Niliitwa kwa sababu nilisomea mazingira chuo kikuu na, kusema kweli, kwa sababu nilikuwa na kompyuta. Mabadiliko ya tabianchi niliyataja kila ukurasa. Kifungu nilichokipenda kuliko vyote kilifunga bonde la chini ya mlima hadi tarehe moja Agosti, ili nyasi zake ziwe akiba ya kiangazi. Agosti niliichagua kwa kumbukumbu za utotoni: ndipo kiangazi kilipokuwa kinakaza.

Mwaka huu masika yalikatika Aprili. Juni, mume wa dada alinipigia simu nikiwa nyumbani kwangu mjini, Kamunyonge.

"Shemeji, maksai wangu wamebaki mifupa. Na nyasi naziona pale. Hiyo tarehe haisogezwi?"

Nikamweleza utaratibu: mkutano wa kijiji, kata, halmashauri. Nilieleza vizuri sana.

"Wenzako wanafanyaje?" nikauliza mwishoni.

"Wanaingizaga tu, mgambo akienda kunywa chai."

"Basi na wewe ingiza."

Akacheka. "Sheria ya shemeji yangu niivunje mimi? Nikikamatwa, nitakutazama kwa macho gani?"

Hakuwa anatania. Alikuwa mtu wa kuheshimu ndugu za mkewe, hata wanapokuwa wajinga. Kwa hiyo ng'ombe wa kijiji kizima walikula ile akiba kwa wizi, isipokuwa maksai wake wawili. Mmoja alianguka katikati ya Julai, mwenzake siku nne baadaye. Agosti mosi bonde likafunguliwa rasmi. Nilihudhuria. Tulifungua vumbi na mavi makavu.

Mvua ya vuli iliponyesha, hakukuwa na wa kuvuta plau. Nikaenda kuwasaidia kulima kwa jembe la mkono. Kufika saa nne viganja vyangu vilikuwa malengelenge matupu. Dada akaninyang'anya jembe.

"Nenda kivulini, msomi. Karatasi ziko ndani, kama unataka kuandika."

"Mwache, mama," mumewe akamwambia. "Huyu ni mgeni."

Nikaenda kukaa. Shamba lile maksai walikuwa wanalimaliza kwa siku tatu. Wiki mbili baadaye dada alinipigia: walikuwa hawajafika nusu, na mvua ilikuwa imeshakata.