Siku Niliyompandisha Binti Yangu Mlimani

Kazi yangu ni kuongoza watalii Mlima Kilimanjaro, kazi ambayo watu wa kwetu Kilema wanaieleza kwa kifupi: analipwa kuwachosha Wazungu. Sibishani nao. Nimewafikisha kileleni wanene na wembamba, waliookoka na watukanaji. Nimewafuta matapishi, nimewasikiliza wakilia hemani kwa ajili ya wachumba waliowaacha, na wakishuka wananikumbatia na kuniita kaka. Wapo wanaosema nimebadilisha maisha yao. Wakati huo huo, nyumbani kwangu, binti yangu wa miaka miwili na kidogo alikuwa hanijui.

Sisemi kwa mafumbo. Msimu ukichanganya nashuka lango hili, naoga, nalala, napandia lango lile. Mtoto amekua akinisikia na kuniona kwenye simu ya mama yake, kwa hiyo kwake yeye baba ni simu. Ikiita tu, "Baba!", anaikimbilia. Siku moja aliikimbilia akanipita nikiwa nimesimama mlangoni na begi langu, nimetoka mlimani muda huo huo. Alinipita kama kiti. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi iliniuma, aisee, iliniuma kweli, nikaapa kwamba sirudi kazini kabla huyu mtoto hajanijua mimi ni nani.

Mwanaume mwenye akili angekaa naye barazani akamlisha ndizi mbivu. Mimi nina fani moja tu maishani. Nikaamua kumpandisha.

Mpango ulikuwa mdogo: tufuate mfongo, ule mfereji wetu wa zamani unaoleta maji mashambani kutoka msituni, mpaka kwenye maporomoko madogo karibu na msitu, kisha turudi kula mchana. Ni njia ambayo mama yangu anaenda kukata majani ya ng'ombe na kurudi chai yake haijapoa. Lakini mimi ni mtaalamu. Nilitoa begi la kubebea mtoto mgongoni nililoachiwa na mgeni mmoja, lenye mikanda mpaka sehemu ambazo mtoto hana. Nikapakia maji, makoti ya mvua, sweta mbili, parachichi, biskuti na dawa za vidonda. Nikavaa buti zangu za theluji. Mama yangu, ambaye jiko lake linatazamana na mlango wetu, alitoka akasimama.

"Mnahama?"

"Shikamoo, mama. Tunapanda mlimani kidogo."

"Marahaba. Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu, mama. Ni kutembea tu. Nataka auone mlima."

"Mlima anauona akiwa kwenye poti," mama akasema, akarudi jikoni kwake.

Begi lenyewe mteja wangu mdogo alilikataa papo hapo. Alipiga ukunga kana kwamba anachinjwa, ikabidi atembee kwa miguu yake na mimi nibebe begi tupu. Wageni wangu huwa nawaimbia pole pole kutwa nzima, na hawanielewi. Wote wana haraka ya kwenda kupigwa picha. Sasa nilikuwa nimempata mtu aliyeielewa hiyo pole pole vizuri kunishinda. Alimkuta jongoo, akamgusa, jongoo akajikunja. Basi. Tulimsubiri jongoo ajikunjue. Alipojikunjua akaguswa tena. Mtu mzima, nimechuchumaa njiani na buti za theluji, nasubiri jongoo apate ujasiri, na nyumba yetu bado naiona, na mke wangu yuko uani anaanika nguo huku akinipungia mkono.

Nikajaribu maneno ya kazini. "Unajisikiaje? Kichwa hakiumi? Umekunywa maji?"

"Kuku," akajibu. Na kweli kulikuwa na kuku.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa binadamu. Njia za kwetu kila moja ina kazi yake. Hii ya kanisani, ile ya zahanati, ile ya majani, na kama umevaa vizuri siku isiyo Jumapili basi kuna msiba. Mtu anayetembea tu hatujamzoea, labda awe Mzungu, na huyo tunamwonea huruma. Mama mmoja mwenye mzigo wa majani kichwani alisimama bila hata kuutua.

"Mnaenda wapi?"

"Shikamoo, mama. Tunatembea tu."

"Marahaba. Mtoto anaumwa?"

"Hapana, mzima kabisa."

"Mama yake yuko wapi?"

"Yuko nyumbani."

Akalitazama begi, akazitazama buti, akamtazama mtoto. "Mmegombana," akasema. Hakuwa anauliza, alikuwa ananipa taarifa.

Juu kidogo, mzee aliyekuwa anapogoa kahawa alisimamisha kazi akampa mtoto ndizi mbivu, na mimi akanipa pole. "Wanawake wa siku hizi, baba. Wewe jikaze tu." Nikamweleza kwamba tunakwenda kuangalia maporomoko. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Ndiyo, alisema, hata kaka yake alianza hivyo hivyo.

Tulipofika kwenye mfongo mteja wangu alikaa ukingoni, akatumbukiza miguu na viatu vyake, akatangaza kwa vitendo kuwa hapo ndipo kileleni. Nilikuwa natafuta namna ya kumshawishi wakati simu yangu ilipoita mfukoni.

"Baba!" Akaruka, macho yanawaka, mikono miwili kwenye mfuko wangu.

Alikuwa mke wangu. "Nasikia umeniacha," akasema.

"Nani kasema?"

"Wameshapita hapa majirani kunipa pole. Mmoja kaja na maziwa kabisa. Mtarudi, au niyapokee?"

Mtoto alikuwa ananipanda kama ngazi, anavuta shati, "Baba! Baba!" Nikampa. Sauti iliyokuwa inatoka mle ndani ni ya mama yake, na yeye wala hakujali, akaibusu simu ile pande zote akacheka. Nikakaa pembeni kwenye tope. Yesu na Maria, nilikuwa naionea wivu simu niliyoinunua kwa hela yangu! Nilitamani niitupe kwenye mfongo iende na maji mpaka Chekereni huko tambarare ikamwagilie mpunga.

Kisha mvua ikashuka, ile yetu ambayo haipigi hodi. Radi ikapasuka juu msituni, na mtoto akaitupa simu kwenye majani akanirukia shingoni. Alinikaba mpaka nikakosa pumzi, na sikumwambia alegeze. Nikaiokota simu. Mikanda ya lile begi ilinishinda kuifungua kwa mkono mmoja, nikamfunga mgongoni kwa sweta kama wanavyofanya dada zetu, nikamfunika koti la mvua, begi la maana nikalivaa kifuani, tukaanza kushuka.

Hapo ndipo nilipofurahi. Nasema wazi, sijawahi kufurahi hivyo hata kileleni. Nikiruka dimbwi anacheka, anapiga kelele "Tena!", naruka tena. Nilirukia madimbwi ambayo hayakuwa hata njiani. Alinitia biskuti iliyolowa sikioni, nikamshukuru. Aliimba kitu kisicho na maneno, nikaitikia. Maporomoko hatukuyaona, na sikuyakumbuka. Nilipoingia uani nilikuwa natembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Mke wangu alikuwa mlangoni na khanga kavu. Mama yangu naye alisimama kwenye mlango wa jiko lake, anatuangalia. Nikamfungua mtoto, nikamtua barazani, mama yake akamfunika khanga. Nikainama nifungue kamba za buti ili niingie ndani.

Mtoto aligeuka. Alinitazama usoni, vizuri, kwa upendo, hilo siwezi kulikana. Akanipa mkono wake mdogo uliolowa.

"Asante," akasema. "Bai. Uje tena."

Mke wangu hakucheka. Mama yangu aliangalia migomba. Mimi nilisimama uani natiririka maji, mbele ya nyumba niliyoijenga mwenyewe, nikamjibu asante, nitakuja. Basi akaingia ndani, akausukuma mlango kwa mikono miwili mpaka ukafungika.