Jani la sale na mkungu wa Mchafukoge

Enzi zetu pale Mchafukoge, mtoto wa nyumba ya Bi Zuwena hakuhitaji kuulizwa anatoka wapi. Ulitazama shati lake tu. Lilikuwa na madoa ya kungu, madoa sugu ambayo sabuni ya mche iliyahangaikia Jumamosi nzima na Jumatatu tukaenda nayo shule vilevile. Mkungu wenyewe ulisimama mbele ya baraza, mkubwa, matawi yake yamelalia bati. Nyumba ilikuwa na korido moja ndefu, jiko na choo uani, na sisi tulipanga vyumba vya mbele: baba, mama, mimi na mdogo wangu Ndeshi. Tulikuwa Wachaga wa Machame, baba akiuza spea za baiskeli karibu na soko. Bi Zuwena, mwenye nyumba, alikuwa Mwarabu wa Pangani ambaye Kiarabu alichokijua kilikuwa cha kwenye sala tu.

Chini ya mkungu ndiko tulikolelewa. Kopo la kombolela liliwekwa shinani, na Ghalib, mtoto wa Bi Zuwena, alikuwa hodari wa kulipiga teke likavuka barabara mpaka kwa fundi viatu. Tukicheza mama na baba, majani yake mapana yalikuwa sahani zetu, na mchanga ulikuwa pilau. Kungu tulizila nyama yake, kokwa tukazianika juu ya baraza, zikikauka tukazipasua kwa jiwe ili tupate kile kijipande kitamu ndani, kidogo mno ukilinganisha na vidole tulivyojiponda. Watoto wa siku hizi ukiwaambia kombolela wanadhani ni jina la timu. Wakitaka kivuli wanawasha kiyoyozi, halafu wanalalamika umeme umekwisha.

Ila mti ule haukuwa wa michezo tu nyumbani kwetu. Ndeshi alizaliwa na pumu. Jiko la mkaa likiwashwa uani, au lori la kutoka bandarini likipita likitoa moshi wake mweusi, kifua chake kilianza kupiga filimbi, na mimi nilikuwa namtazama nikiogopa hata kuhema nisije nikammalizia hewa yake. Mama alimbeba akamkalisha chini ya mkungu, mgongo umeegemea shina, akamwambia avute pumzi polepole. Kulikuwa na ubaridi pale ambao hukuupata kwingine mtaa mzima. Siku moja niliandika jina langu kwa kidole juu ya jani, kwa jinsi lilivyojaa vumbi. Nilitegemea kugombezwa. Mama akalitazama, akasema, "Unaona? Vumbi hilo lingekuwa kifuani kwa mdogo wako."

Sasa mwaka mmoja Bi Zuwena aliuchoka ule mti. Majani yaliziba mfereji wa bati, mvua ikaingia chumbani kwake ikalowesha godoro, na sisi watoto tulivyokuwa tunatupa mawe kuangusha kungu, bati lilipata matundu mengine. Akatangaza uani, mbele ya wapangaji wote, kwamba amekwishaongea na mtu wa shoka. Mama aliingia ndani, akainama kwenye kopo la mafuta ya kupikia ambamo alikuwa ameotesha sale, ule mmea wa majani marefu aliokuja nao kutoka Machame akiwa bibi harusi. Alikata jani moja, akalifunga fundo, akalipeleka mlangoni kwa Bi Zuwena kwa mikono miwili. "Bi Zuwena, nakuomba," alisema, akarudi zake chumbani. Kwao Machame hilo lilitosha. Mtu akikuletea sale, maneno mengine ya nini? Hata kama amekuchomea shamba, unalipokea na mnayamaliza.

Lakini Bi Zuwena hakuwa wa Machame. Mtu wa pwani ukimletea jani lenye fundo mlangoni kwake, halafu ukaondoka bila kueleza, unategemea afikiri nini? Alipiga yowe. Jani akalisukuma kwa ufagio mpaka nje, mwalimu wa chuo cha Kurani akaitwa kuja kusoma dua, na ubani ukawashwa kila kona ya nyumba. Ghalib alikatazwa kucheza nasi. Mama alibaki ameduwaa, hajui amekosea wapi, na moshi wa ubani ukatanda korido nzima kama ukungu wa kwao mlimani.

Kifua cha Ndeshi kilifunga. Nakumbuka midomo yake ilivyobadilika rangi, na mama alivyotoka mbio naye mpaka chini ya mkungu, mimi nyuma nikilia. Alikaa naye pale muda mrefu, akimpapasa mgongo. Bi Zuwena alitoka na chetezo chake mkononi kufukiza barazani, akamwona mtoto. Alisimama. Kisha akakiweka chetezo chini, akakimwagia maji, akaja kukaa mchangani na lile buibui lake jipya. Pumzi ya Ndeshi ikaanza kurudi kidogokidogo, na wale akina mama wawili wakawa wanaisikiliza bila kutazamana.

"Mama Upendo," Bi Zuwena alisema mwishowe, akimwita mama kwa jina langu, "nimekukosea nini hata ukanifungia jani?"

"Sijakufungia kitu, Bi Zuwena. Nilikuwa nakuomba. Kwetu ukimpelekea mtu sale hakukatalii."

"Ulikuwa waomba nini?"

"Mti. Usiukate. Mwanangu anapumulia hapa."

Bi Zuwena alishika kichwa. "Yarabi toba! Si ungesema kwa mdomo? Mimi nimemaliza ubani wa Ramadhani nzima!"

Walicheka mpaka Ndeshi naye akacheka, na kicheko chake kilikuwa na filimbi ndani lakini kilikuwa kicheko. Mtu wa shoka alipokuja aliambiwa apande apunguze matawi ya juu ya bati tu. Sale lenyewe mama alilihamisha kutoka kwenye kopo akalipanda pale shinani, na Bi Zuwena akawa analimwagilia maji aliyooshea mchele. Tukienda Moshi kula Krismasi alilitunza yeye, na tukirudi alituambia limeongeza majani mangapi, kana kwamba ni mjukuu wake.

Wazee wale wote wametangulia. Ile nyumba haipo tena, Ghalib amejenga ghorofa, ila fundi wake aliambiwa tangu mwanzo kwamba mkungu hauguswi, na jengo lilirudishwa nyuma kidogo kuupisha. Ndeshi anaishi pale ghorofa ya kwanza, duka lake la vitenge liko chini. Daktari alishamwambia akae mbali na vumbi na moshi. Mtu mwenye duka Mchafukoge akae mbali na moshi aende wapi? Jenereta ziko mlangoni, bodaboda mpaka kwenye baraza, malori hayana saa. Kinachomweka mjini ni lile dirisha lake linalofungukia ndani ya majani ya mkungu. Mwenyewe husema siku mti ukiondoka na yeye anafunga duka anarudi Machame, na mimi namjua, hatanii.

Ndiyo maana mwaka huu aliponipigia simu asubuhi moja akasema, "Dada, mkungu umepakwa rangi nyekundu," nilikaa chini. Mji huu rangi nyekundu ina kazi moja. Nani hajaona nyumba ikiwekewa alama leo na keshokutwa ni kifusi? Nilifika nikakuta mstari mwekundu umezunguka shina lote, na mtaa mzima umeshafanya msiba. Machinga mmoja alikuwa tayari anapima pale atakapoweka meza yake mti ukishaondoka. Ndeshi alikaa mlangoni pa duka, pampu ya pumu mkononi.

Mwenye kopo la rangi hakuwa mbali. Alikuwa binti kijana, kizibao cha kazi cha manispaa kifuani, akipaka mti mwingine mbele kidogo. Kabla sijamfikia, nikamwona Ghalib, mzee mzima na kofia yake ya viua, amepiga magoti shinani. Alikata jani la lile sale la mama. Akalifunga fundo, si vizuri sana, akalipeleka kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nakuomba," alisema.

Binti aliliangalia lile jani, akamwangalia Ghalib na ndevu zake, akashindwa kujizuia. "Shikamoo baba. Samahani, hili sale umelitoa wapi? Mimi Mchaga wa Kibosho. Nani kamkosea nani huku?"

"Usitukatie mti. Kuna mtu anapumulia hapa."

"Kukata?" Binti akaweka brashi chini. "Baba, sisi tunapanda miti! Huo tumeuwekea alama ili usiguswe. Mtaa mzima huu utapandwa, kuanzia pale mpaka kule."

"Sasa mbona nyekundu?" niliuliza, na sauti ikanitoka kwa ukali kuliko nilivyotaka.

"Ndiyo rangi tuliyopewa, mama."

Nilicheka, nikalia, nikamkumbatia mtoto wa watu na rangi yake ikanipata begani, doa ambalo nalo limegoma kutoka. Ghalib alitaka kulirudisha jani mfukoni kwa aibu, binti akakataa. Alilichukua, akalichomeka kwenye kizibao chake. "Nimeshapokea, baba," alisema. "Sasa hata wakinituma niukate, siwezi."

Miche imeshapandwa. Ghalib kutwa anagombana na machinga wanaoning'iniza mikoba kwenye vigingi vya miche. Mitaa ya utoto wetu haitarudi, na sidhani kama watoto wa pale wataacha simu wapasue kokwa za kungu. Enzi zetu mama alikuwa na mti mmoja wa kuombea. Hii itakuwa mingi, na watoto watakaopumua chini yake hawatajua kama kuna mtu aliyewahi kuomba. Jana nilipita pale jioni, lori likiunguruma chini ya ghorofa, nikanyanyua macho kwa mazoea. Dirisha la Ndeshi lilikuwa wazi.