Benchi Alilokalia Mama Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumatatu, ya kwanza katika mwezi wa Machi, ukungu ukiwa bado haujaondoka juu ya mashamba ya kabichi, wifi yangu Zaina alipobisha hodi kwangu akiwa amevaa gauni lake la Idi.

"Shikamoo wifi. Mbona hujajiandaa? Leo ndiyo ile tarehe yetu."

Miaka mitatu kabla ya hapo, kaka yake, yaani mume wangu, akiwa hai, mimi na Zaina tulikuwa tumekwenda kituo cha afya kupima saratani ya mlango wa kizazi. Muuguzi alitupaka siki mahali panapohusika, akatazama, akatuambia tuko salama, na turudi baada ya miaka mitatu. Tarehe hiyo niliitunza mimi kichwani. Nilianza shule ukubwani, mwanangu, na aliyechelewa kusoma hujivunia kila anachokikumbuka bila kuuliza.

Lakini katikati ya miaka hiyo nilifiwa. Nilikaa eda, nikaimaliza, nikajiapiza kwamba hakuna mtu wa Lushoto atakayepata neno la kusema juu yangu. Unaijua milima yetu: ukisimama mlangoni kwako, jirani wa kilima cha pili anaiona rangi ya kanga uliyojifunga. Nikaona kwamba mjane akionekana kwenye foleni ya chumba kile cha kipimo, watu watauliza ana mwanamume gani.

Nikamjibu Zaina kwa sauti ya mtu aliyesoma. "Nikapime nini mimi? Mume wangu yuko kaburini. Tena tuliambiwa tuko safi. Aliye safi anarudi kutafuta nini?"

Zaina alicheka. "Haya, mwalimu! Ukisema wewe uliyesoma, mimi ni nani nibishe? Acha nikavue gauni, viazi vinanisubiri."

Akaenda shambani. Yeye alikuwa na mume, alikuwa na watoto, na hakuwa na sababu hata moja ya kutokwenda isipokuwa maneno yangu.

Mwaka wa pili baada ya hapo Zaina alianza kutokwa na damu katikati ya mwezi, akaificha. Alipokuja kusema, alipelekwa hospitali ya rufaa, na huko wakakuta ugonjwa umekwisha kusambaa. Akarudishwa nyumbani kwa mama yake. Nilipokwenda kumjulia hali alinitania akiwa kitandani: "Mwalimu, umekuja kunifundisha nini leo?" Nikamwekea mto wake vizuri.

Mama mkwe akaniita nyuma ya jiko. Elewa kwamba katika nyumba ile mambo ya mwili hayakutajwa kati ya mkwe na mkwe. Miaka yote ya ndoa yangu, alipotaka kujua kama nina mimba, alimtuma mtu mwingine aniulize. Siku ile alisimama mbele yangu, kanga ikiwa kichwani, akasema mwenyewe.

"Nataja nisichopaswa kukutajia, Mungu anisamehe. Binti yangu alikusikiliza kwa sababu umesoma. Mimi sikusoma, lakini najua kwamba mwanangu wa kiume alipozikwa hakuzikwa na kizazi chako. Kesho unakwenda kupima, na mimi nakwenda nawe."

"Mama, watu watasemaje?"

"Watasema mkwe wangu ni mzima. Au unataka nizike na wewe?"

Kesho yake tulishuka pamoja. Yeye, mwanamke ambaye hakuwahi hata kula mbele yangu bila kunipa mgongo, alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha kipimo, mbele ya kila mpita njia, akinisubiri. Ndani, muuguzi aliona doa jeupe. Bado halikuwa saratani, ila lingeweza kuja kuwa saratani. Lilitibiwa siku ileile, nikaambiwa nirudi baada ya mwaka.

Nilimuuliza muuguzi: kama Zaina angekuja ile Jumatatu, mabadiliko yake yangeonekana? Akanijibu: "Huenda yangeonekana, huenda yasingeonekana. Ndiyo maana tunarudia."

Nilipotoka, mama mkwe aliniuliza tu, "Tayari?" Nikaitikia. "Basi twende, Zaina hajala."

Zaina alituacha mwezi wa Septemba, siku ya Alhamisi. Mama yake hakunilaumu tena hata kwa neno moja, na mpaka leo naona aibu zaidi kwa ukimya ule kuliko kwa yale aliyoniambia nyuma ya jiko.

Mwanangu, jibu la leo ni la leo. Ukifikisha miaka thelathini, nenda ukapime hata kama hakuna kinachokuuma. Ukikutwa salama kwa kipimo hiki cha siki, rudi kila baada ya miaka mitatu. Anayeishi na virusi vya UKIMWI huanza mapema na hurudi mara nyingi zaidi, aghalabu kila mwaka. Vipo pia vipimo vingine vyenye muda wake, kwa hiyo tarehe atakayokupa mhudumu ndiyo uifuate. Hata kama ulichanjwa dhidi ya saratani hii ukiwa msichana, nenda. Ukiwa mjane au umeachika, nenda, kwa kuwa ugonjwa huu unaweza kukaa miaka mingi bila kujionyesha. Na ukiona damu isiyo ya kawaida, usingoje tarehe yoyote. Tena ukiwa hutaki kwenda, usimzuie mwenzako aliyekwisha kuvaa gauni.

Jumatatu iliyopita binti wa Zaina, aliyetimiza miaka thelathini, aliingia chumba kile kwa mara ya kwanza. Nilimsubiri nje, kwenye benchi, mbele ya wapita njia wote.

Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu, akuondolee haya isiyo na faida, na kila utokapo mlango ule akukutanishe na mtu anayekusubiri.