Kuandikishwa na Kuruhusiwa

Nilipomaliza kidato cha nne, katikati ya miaka ya themanini, nilipata kazi ya ukarani Kitale, katika kampuni ya fedha iliyokuwa ghorofani juu ya duka la mbegu. Nilitoka kwetu Misikhu na sanduku moja na cheti cha taipu. Mkurugenzi alivaa suti hata siku za jua kali, na watu walimwamini kwa hiyo suti. Walipanda ngazi za mbao na kumwachia akiba zao.

Ukutani, nyuma ya meza yangu, ilining'inia karatasi ndani ya fremu ya kioo, yenye nembo ya serikali na muhuri. "Mtu akiuliza kama tuko halali," Mkurugenzi aliniambia siku ya kwanza, "mwonyeshe ile."

Nilikuwa nimeisoma. Kilikuwa cheti cha kuandikisha jina la biashara, basi. Leseni ya kupokea akiba za watu ilikuwa kitu kingine, na ilibidi itoke Nairobi. Barua ya kuiomba niliipiga taipu mwenyewe. Barua ya majibu pia niliifungua mimi. Ilisema hatujatimiza masharti, na tusipokee akiba ya mtu yeyote mpaka tupewe leseni. Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Weka kwa faili. Hao watu wa Nairobi wanapenda tu kusumbua."

Nikaiweka kwa faili.

Haikupita muda, akaja mama mmoja kutoka upande wa Kimilili. Alivaa gambuti za mpira za marehemu mumewe, zimemzidi miguu, nikamsikia akipanda kabla sijamwona. Alikuwa ameuza ng'ombe wote kwa sababu mashemeji walikuwa wameanza kuwahesabu kama mali yao. Alitaka pesa zikae mahali salama mpaka apate kipande cha shamba cha wanawe wawili. Alikaa, akaweka fundo la leso mapajani, lakini hakulifungua. Aliangalia ukutani.

"Hiyo karatasi inasema nini?"

"Inasema tumeandikishwa na serikali, mama."

Alifikiri kidogo. "Sasa, kuandikishwa na kuruhusiwa ni kitu moja?"

Hakuna msomi aliyewahi kuniuliza swali hilo. Walimu, makarani, hata mhubiri mmoja, wote waliangalia muhuri wakaridhika. Nilitupa jicho kwenye mlango wa Mkurugenzi. Ulikuwa wazi nusu, na kiti chake, kilichozoea kulia kila akisogea, kilikuwa kimetulia kama cha mtu anayesikiliza.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni kitu kimoja."

Akafungua fundo.

Mwaka uliofuata walikuja maafisa wawili. Mkurugenzi alikuwa ameondoka siku tatu kabla, safari ya kikazi, aliniambia. Mmoja wao aliomba leseni. Mkono wangu ulielekea ukutani wenyewe, kwa mazoea. Aliishusha fremu, akaisoma, akailaza kifudifudi mezani.

"Hii ni ya jina tu, dada. Hata kinyozi wa hapo chini anayo."

Walifunga mlango wakaupiga lakiri. Mkurugenzi hakurudi, na akiba za watu hazikurudi. Siku ya soko nilijificha ndani ya duka la vitambaa ng'ambo ya barabara. Watu walipiga kelele, wengine wakarusha mawe. Yule mama hakupiga kelele. Alisimama chini ya ngazi asubuhi nzima, akitazama juu, kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona matope ya Kimilili kwenye gambuti zake. Sikuvuka.

Baadaye niliajiriwa Bungoma, ofisi ya kuandikisha vikundi vya kina mama. Huko alinifuata. Mama yeyote mwenye mabega mapana akinipa mgongo kwenye foleni, alikuwa yeye mpaka ageuke. Nikigonga muhuri nilimsikia akivuta pumzi kabla ya kuuliza. Kila kikundi nilikisomea cheti chake neno kwa neno, kisha nikasema, "Hii haiwaruhusu kupokea pesa ya mtu wa nje. Hiyo inataka leseni." Wenzangu walicheka. "Ati umekuwa mhubiri?" Nami niliendelea kusoma, miaka saba hivi, na hakuondoka.

Mwishowe, Jumamosi moja, nilikwenda Kimilili kumtafuta. Nilipeleka sukari na majani chai. Nilimkuta uani akipukusa mahindi, amezeeka kuliko nilivyomweka akilini. Alinitambua kabla sijasalimia.

"Ni wewe wa Kitale."

"Ni mimi, mama."

Nilimwambia yote: ile barua, lile faili, mlango uliokuwa wazi nusu. Hakuacha kupukusa. Nilipomaliza aliwaita wanawe kutoka zizini. Walikuja, wanaume wazima sasa, waliokuwa wakilima shamba la kukodi.

"Hawa huniita mjinga," alisema. "Miaka yote hii. Ati nilipea mwizi mali ya baba yao bila kuuliza. Waambie. Niliuliza ama sikuuliza?"

"Aliuliza," nikasema. "Mama yenu aliuliza. Mimi ndiye niliyemdanganya, na nilikuwa najua."

Mdogo wao aliinama akaanza kuokota punje zilizoruka nje ya gunia. Mkubwa alinitazama kwa muda mrefu.

"Na wewe? Mshahara wako walikupa?"

"Walinipa. Mpaka mwezi wa mwisho."

Alitikisa kichwa polepole, si kwa hasira, akarudi zizini. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Kwa swali lile la mshahara sikuwa nimejiandaa.

Mama yule alinipikia chai, kwa majani niliyoleta. Nilitaka aseme amenisamehe, na nadhani alijua ninangoja, maana mara mbili alifungua kinywa kisha akaongeza sukari badala yake. Alinisindikiza hadi barabarani.

"Usirudi," alisema. "Si kwa ubaya. Ulishasema mbele yao, inatosha."

Sikurudi. Siku hizi sioni mgongo wake tena kwenye foleni. Ninayemwona ni kijana wake mkubwa. Hukaa kwenye benchi la wageni hata siku ambayo ofisi haina mtu, ananitazama, akisubiri jibu ambalo tayari nilimpa.