Kiondo cha Rafiki wa Mama

Nimelikana jambo hili hata mezani na maprofesa, mahali ambapo umaskini wa utotoni huhesabiwa kama shahada ya ziada: baba yangu hakuacha kazi. Alifutwa. Mimi husema aliacha kwa hiari, na nikibanwa naongeza siasa kidogo. Baba alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa Ruiru, mtu aliyeogopa hata bata mzinga. Meneja mpya alikuja na karani wake, basi.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, Waingereza wakipigana na Mau Mau. Mkikuyu asiye na mwajiri hakuwa na ruhusa ya kukaa Ruiru. Lori lingesimama mlangoni, jamaa nzima wapakiwe na sufuria zao, warudishwe rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu. Nyumba ya jirani ilikuwa imebaki tupu hivyo, mlango ukijigonga kwa upepo mchana kutwa. Sisi tuliachiwa yetu hadi mwisho wa mwezi. Baba alihitaji kazi upesi. Mama alihitaji watu wasijue.

Hapo ndipo rafiki yake wa Thika alipozidi kutupenda. Walisoma pamoja misheni, kisha mwenzake akaolewa na mwenye maduka na malori: nyumba ya mawe, simu ukutani. Alikuja na kiondo, kikapu cha kusuka, kimejaa sukari, unga na mkate. Kwetu, chombo cha mgeni hakirudishwi kitupu. Mama angesema tu kwamba tumeishiwa, angesamehewa. Badala yake alikijaza viazi vitamu. Rafiki akarudi na kikubwa zaidi. Mama akatia kuku.

"Haiya! Ninyi mnashiba!" rafiki alicheka. "Nakuja na mzigo, naondoka na mzigo kushinda ule. Na shemeji?"

"Yuko kazini."

Baba alikuwa jikoni. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa mbele akifuta jasho.

"Pole na kazi, shemeji."

"Kahawa mwaka huu ni nyingi mno," baba akasema. Nilimwona shujaa.

"Tena nisisahau," rafiki akamwambia mama. "Shamba la mkonge linatafuta karani. Mzee wangu ameombwa awapelekee mtu. Hamjui mtu aliyekosa kazi?"

Baba alimtazama mama. Mama alikuwa akikifunga kiondo.

"Hapana," alisema. "Sisi hatujui mtu."

Safari iliyofuata kiondo kilirudi na maharagwe yetu ya mbegu. Jioni baba hakugusa chakula. Asubuhi mama alinishika mkono tukapanda treni hadi Thika, akasema yote kabla chai haijamiminwa.

"Ngai! Wewe mwanamke!" rafiki akapiga paja. "Na wale kuku? Tumekaa hapa tunakula kuku wako, wewe unalala njaa?"

Mumewe aliinuka, akazungusha mkono wa simu, akaomba aunganishwe na shamba la mkonge. Mama alikaa wima ukingoni mwa kochi, kama aliye kanisani.

"Bwana, habari ya asubuhi. Ni kuhusu ile nafasi ya karani. Ninaye mtu mzuri, anajua mizani… Imejazwa?… Hakuna nyingine? Hata ya stoo?"

Alitugeuzia mgongo, akasikiliza.

"Ndiyo, bwana," akasema. "Namkumbuka huyo aliyeipata. Ni mimi niliyemleta."