Testa Iliyokataa Kuwaka

Jioni ile tulikuwa wanne, na wote wako hai, waulizwe: mimi, mdogo wangu Kibet, Mzee Koros, mtunza hazina wa kanisa letu hapa karibu na Kaplong, na Mama Njoki, mfanyabiashara anayekodisha mahema na taa za sherehe. Wa tano sikujua kwamba hahesabiki mpaka nilipokuwa nimeshazungumza naye. Sikuletei jambo la kusikia kwa watu. Lilinipata mimi, na mikono iliyoshika testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, ni hii.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule kidato cha pili ili Kibet na wadogo wengine wasiache. Ufundi wa umeme niliupata kwa kumshikia fundi mmoja ngazi, na kanisa likatupa chumba nyuma ya jikoni lake tulale. Kwa hiyo Mama Njoki aliponipa kazi ya kufunga taa za pikseli hapo kanisani kwa ajili ya jioni ya nyimbo za Krismasi, nilifurahi kwamba hatimaye kuna mtu ametuamini.

Kama huzijui taa hizo, ni mkufu mrefu wa vitaa vidogo, na bodi moja ndogo ndiyo inayokiamuru kila kimoja: wewe kuwa mwekundu, wewe zima, wewe kimbiza mwenzako. Tulizizungusha kwenye mlango mkubwa, tukazipandisha hadi kwenye mfereji wa paa. Mchana ziliwaka vizuri kabisa. Ukungu uliposhuka kwenye mashamba ya chai, bodi ikaungua. Tukaweka nyingine. Mchana ikafanya kazi, jioni ikaungua. Ya tatu pia, vivyo hivyo.

Sasa, aliyekuwa akitumwa Kericho kununua bodi ni Kibet. Unaona mambo yalikokuwa yakielekea?

"Bodi zangu zinakufa kama kuku wa Krismasi," Mama Njoki alisema, lakini hakucheka.

Mzee Koros alisema wazi kwamba kijana anauza bodi nzuri na kutuletea mbovu. Ya nne, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, ikiungua, Kibet atalala kwa polisi na sisi wengine tutatafuta pa kulala. "Chumba kile ni cha kanisa," akaniambia, "si cha wezi." Kibet aliapa kwa kaburi la mama. Na mimi niliyemlea, niamini, nilimtazama mikono kabla ya kumtazama uso.

Nikaomba nikague kwanza. Mzee akamkalisha Kibet ndani ya jikoni, kwenye benchi la dirisha linaloutazama mlango mkubwa, asitoroke. Mama Njoki akajifungia ndani ya pikapu yake kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza. Nilizima swichi kubwa, nikaegemeza ngazi ya mbao, nikapanda.

Juu nilimkuta mtu. Alisimama kwenye jukwaa la tangi la maji, pembeni mwa mfereji, amevaa koti la mvua la manjano kama la wachuma chai. Mkono wake wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho. Manyunyu yalikuwa yakinipiga usoni, na koti lake lilikuwa kavu.

"Si bodi, dada," akasema taratibu. "Bodi inauawa tu. Tazama nyuma ya mfereji."

Nikatazama. Kulikuwa na waya mweusi wa taa ya ulinzi ambayo iliondolewa zamani. Ncha yake ilifungwa utepe, utepe umepasuka, nayo imelalia mkufu wangu. Waya huo ukiwa na moto, yaani umeme ukiwa unapita, ukungu ukiulowesha, umeme utavuja hadi kwenye mkufu na kukimbilia kwenye bodi. Alikuwa amenielekeza sahihi mno, na hilo ndilo lililonitia shaka. Nani hujua kidonda kilipo kama si aliyekichoma? Nilidhani ametumwa na mshindani wa Mama Njoki. Nilimuuliza ni nani, akajibu kwamba aliwahi kuwa fundi wa hapa. Nikamwambia swichi imezimwa, kwa hiyo waya huo umekufa. Hakubishana. Alinyoosha mkono, nikampa testa.

Akagusa waya kwa ncha, kidole gumba juu ya kichwa cha testa, kama fundi yeyote afanyavyo. Giza.

"Haya, umeona," nikasema, na mkono wangu tayari unaenda kuuvuta waya ule.

"Usiamini mkono wangu," akasema. "Shika mwenyewe."

Nilimnyang'anya testa kwa hasira. Nikagusa palepale. Ikawaka nyekundu.

Nisikilize vizuri hapa. Testa haiwashwi na waya peke yake. Inakuhitaji wewe. Umeme mdogo sana hupita kwenye kidole chako, hushuka mwilini kutafuta ardhi, ndipo kile kijitaa kinawaka. Pasipo na mwili, hakuna cha kupita. Sasa niambie, yule niliyempa testa alikuwa nani?

Nikaikumbatia ngazi kwa mkono mmoja.

"Mimi pia niliizima swichi ileile," akasema. "Huu umeunganishwa kabla ya swichi. Waliponiokota chini, nimekufa, wakasema nilikuwa naiba waya."

Nikauliza anataka nini kwangu.

"Kwetu ni Ndanai, nyumba iliyo karibu na josho la ng'ombe. Mtoto akizaliwa, wakitaja majina ya marehemu, langu wanaliruka. Waambie Kimutai hakuwa mwizi, waliite."

Nikasema nitafanya. Wewe ungesema nini? Niliinamisha macho kwenye testa, na nilipoyainua pale palikuwa na tangi tu.

Kesho yake waya ulikatwa kwenye mlingoti na mafundi wa kampuni ya umeme, na bodi ya nne iko hai hadi leo. Mama Njoki alimletea Kibet soda na chapati, akamwomba msamaha mbele ya kwaya nzima. Lakini Mzee Koros alitaka kujua nani alinionyesha. Nilipofika kwenye kidole kilichokosekana, aliketi. Yeye ndiye aliyetangaza kwamba Kimutai alikufa akiiba. Nilimuuliza Kibet kama alimwona mtu kupitia dirishani. Alisema aliona testa tu, imesimama kwenye waya peke yake.

Tangu siku hiyo kila ninapogusa waya, kuna nukta ndogo ya muda kabla testa haijawaka, na ndani ya nukta hiyo najiuliza kama bado nipo. Nawe nakuonya: usiukamate waya kwa sababu mtu mwingine amekuambia umekufa, na usimwite mwizi mtu asiyeweza tena kukujibu.

Nilikwenda Ndanai. Mama yake alinishika mikono akalia, lakini wazee wa nyumba walisema aliyelichafua jina aje alisafishe kwa kinywa chake. Kila nikimwomba, Mzee Koros hunijibu kwamba goti linamuuma, twende wiki ijayo. Wiki ijayo imekuwa nyingi.

Majuzi mke wa mdogo wake Kimutai alijifungua. Kwetu akina mama wazee huwataja marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na jina litakalomkuta mtoto akipiga chafya, huyo ndiye amerudi. Walitaja wote. Mtoto aliwatazama tu. Wakarudia, kimya. Mwishowe wakamtia ugoro puani ili apige chafya kwa jina la babu.

Mimi nilikuwa mlangoni, nalijua jina waliloliruka. Bado nadaiwa.