Helmeti ni za Wageni

Kwa miaka yangu yote Dubai, kazi yangu ilikuwa kunusa vichwa vya watu. Kwenye mkataba niliandikwa mhudumu, lakini ukweli ni huo. Nilikaa nyuma ya kaunta kwenye uwanja wa barafu ndani ya jengo kubwa la maduka, nikigawa viatu vya kuteleza na helmeti, na vikirudi navipulizia dawa, navifuta, navirudisha kwenye rafu. Jasho la kichwa likishakauka ndani ya sponji lina harufu yake, na harufu hiyo haijali pasipoti. Tajiri ananuka sawasawa na dereva wake, ila yeye amejimwagia marashi juu. Nje jua lilichoma mpaka soli za viatu. Ndani sisi tulivaa majaketi na kupiga chafya mwaka mzima. Mimi ni mtu wa Nyahururu, baridi naijua, lakini sikuwahi kuona watu wazima wakiilipia.

Aliyenitafutia kazi hiyo alikuwa Mganda tuliyekaa naye chumba kimoja mtaa wa Karama, yeye kitanda cha chini, mimi cha juu. Alinizidi kama miaka kumi, ndiyo maana nilimwita mzee hata nilipokuwa namtukana. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuajiriwa pale. Alijifunza kuteleza kwa kusukuma kiti cha plastiki kabla wateja hawajafika, akianguka mpaka matako yakafa ganzi, na mimi nilipokuja alikuwa tayari anarudi kinyumenyume, mikono mgongoni, kama mwalimu mkuu anayekagua mistari ya wanafunzi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na filimbi, kuinua walioanguka na kuwafukuza wanaosukumana. Nilimwonea kijicho, sifichi. Mimi nikikanyaga barafu nilikuwa ndama aliyezaliwa leo.

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: kufundisha darasa la watoto. Kocha alikuwa amemwambia "inshallah, karibuni," na neno hilo alilibeba kila mahali. Mkewe kule Masaka alishaambiwa kwamba mumewe ni mwalimu. Sikumcheka kwa hilo, kwa sababu Dubai kila mtu alikuwa na cheo cha kwenye simu na cheo cha kweli. Mimi nyumbani walinijua kama meneja.

Kocha mwenyewe alikuwa Mkanada, mtu mzima, pua imevunjwa mara nyingi mpaka haikujua tena ielekee upande gani. Meno ya mbele yalikuwa ya bandia. Kabla ya mazoezi aliyatoa na kuyaacha ndani ya kikombe kwenye kaunta yangu, nami niyalinde. Ujanani alicheza hoki ya barafuni kwa kulipwa, katika ligi kubwa ya kwao, na alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko watoto wake. Ligi ilipoamuru wachezaji wote wavae helmeti, iliwaheshimu waliokuwamo tayari. Mchezaji mpya hakuwa na hiari, atavaa. Mkongwe aliyekuwa na mkataba kabla ya sheria aliruhusiwa kucheza kichwa wazi, mradi akubali kwamba lolote litakalompata ni lake. Kocha alikubali, na akacheza kichwa wazi mpaka siku aliyostaafu, nywele zikipepea, mashabiki wakimjua kwa sura. "Waliovaa," alikuwa akisema, "walifanana kama mayai."

Hadithi hiyo angeweza kukusimulia saa tatu, na saa nne akakuita akusimulie tena kwa maneno yaleyale. Wahudumu tulimwigiza nyuma ya rafu mpaka machozi yakatutoka. Tulidhani ni majivuno.

Ijumaa asubuhi, kabla uwanja haujafunguliwa, kulikuwa na mechi. Wazungu wa mabenki na makampuni ya mafuta walilipa kucheza, na kwa kuwa hawakutimia, sisi tulijazia nafasi. Tulipenda. Baada ya mechi palikuwa na chai na sambusa, na kwa muda wa mechi mtu aliyekuita "wewe" wiki nzima uliruhusiwa kumsukuma kwenye ubao bila kufukuzwa kazi. Wengi wetu tulicheza kichwa wazi kwa sababu helmeti zilikuwa za wateja na mimi ndiye nilijua zimenusa wangapi.

Kisha mtoto wa mteja mkubwa akapasuka nyusi. Madam, meneja wetu, akashuka kutoka ofisini na viatu vyake virefu, akasimama kwenye zulia asiikanyage barafu, akatangaza: anayeingia kucheza hoki avae helmeti, mteja na mhudumu, khalas. Kocha akamvuta pembeni. Sijui walizungumza nini, lakini alirudi anang'aa. Alikuwa ameomba tufuate sheria ya kwao.

Ijumaa iliyofuata akatupanga mstari. Aliyekuwapo kabla ya tangazo la madam, alisema, ana haki ya kuchagua. Atakayeajiriwa kuanzia leo atavaa tu. Na anayechagua kichwa wazi ajitokeze hatua moja mbele aseme kwa sauti, wenzake wasikie, kwamba kichwa ni chake na lawama ni yake.

Wengi wetu tulinyoosha mikono kwenye helmeti bila kujadili. Mganda alipiga hatua mbele. Alisema maneno yale kwa Kiingereza safi, kifua kimejaa, kama bwana harusi. Kocha akampiga begani, akamwita "mkongwe mwenzangu."

Lazima uelewe alipewa nini pale. Mtu huyo hakuwa mwenyeji wa chochote. Kitanda cha kupanga, viza ya kafeel, yule mwajiri anayekudhamini, pasipoti kwenye kabati la ofisi, na hata shuka alikopeshwa na mtu aliyerudi kwao. Kila mahali Dubai sisi ni wa kupita. Halafu Mkanada asiye na meno anamwambia kwamba hapa, juu ya kipande hiki cha maji yaliyogandishwa kwa umeme, wewe ni wa zamani na hawa ni wageni. Ningekuwa mimi pengine ningevua hata shati.

Tangu siku hiyo helmeti ikawa alama ya ugeni. Alinisimanga nayo bila huruma. Nikiingia barafuni anaigonga kwa fimbo yake ya hoki. "Hodi humu ndani! Mgeni yupo?"

"Mzee, vaa helmeti," nilimwambia jioni moja chumbani. "Hicho kichwa hakina spea maduka yote ya Deira."

"Banange! Mgeni anamfundisha mwenyeji nyumba yake?"

"Kocha anakudanganya. Yeye alilipwa kwa kichwa chake. Wewe unalipwa sambusa."

Akacheka, akanirushia mto. "Atanipa darasa, wewe. Hawezi kumpa darasa anayevaa. Anataka mtu mwenye moyo." Alipozima taa niliendelea kumtukana gizani, naye akaendelea kucheka. Sikio la kufa halisikii dawa, na nilikuwa nimechoka kuwa dawa.

Alianguka Ijumaa ya kawaida kabisa. Mzungu mmoja wa benki, mnene, asiyejua kusimama, alikuja mbio akifuata kile kisahani cheusi wanachokigombania. Mganda alikuwa anarudi kinyumenyume kwa madaha yake. Wakagongana, miguu ikaruka, na kisogo chake kikafika kwenye barafu kabla ya kiungo kingine chochote. Nilisikia kutoka upande wa pili wa uwanja. Ulikuwa mlio wa boga linalodondoka sakafuni, mzito na mfupi.

Mzungu akajipapasa helmeti, akainuka. Mganda alibaki amelala, macho wazi, akitazama taa. Kocha akateleza mpaka pale, akasimama juu yake. "Inuka, mkongwe," akasema. "Yalla. Kwetu mtu haondoki mpaka mechi iishe." Kwenye mchezo huo hiyo ni ada, anayeanguka anainuka na kurudi, na watu wanampigia fimbo barafuni kumsifu. Basi akainuka. Fimbo zikapigwa, taka taka taka. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema anayelisikia huvunjika nini.

Alicheza mpaka mwisho. Katikati alikwenda kukaa kwenye benchi la wapinzani, kati ya wazungu wawili, akawaomba chai. Uwanja mzima ulicheka, mimi nikiwamo, nikidhani ni mzaha wake. Baadaye, wakati wa sambusa, aliniuliza, "Mechi inaanza saa ngapi?" Nikamwambia imekwisha, mzee. Akatikisa kichwa taratibu, akatafuna. Kisha akauliza tena, kwa sauti ileile, kwa tabasamu lilelile. Nikairudisha sambusa yangu kwenye sahani.

Tulimpeleka kwa daktari. Alipewa dawa za maumivu na kuambiwa apumzike, lakini mhudumu hapumziki, alirudi na filimbi yake. Mwanga wa taa ulimuumiza. Alimfungia mteja viatu viwili vya mguu wa kushoto. Alipiga filimbi akasahau ameipigia nini, akabaki amesimama katikati ya barafu, wateja wakimzunguka. Siku moja aliteremka kwenye basi Karama asijue jengo letu ni lipi, na kweli yanafanana, lakini yeye alikuwa ameishi humo muda mrefu kuliko sisi wote. Mwenye duka la mboga ndiye aliyenipigia simu. Nilimkuta amekaa kwenye kreti, amekumbatia viazi ambavyo hakuvinunua, analia kimya kimya.

Madam hakuwa mtu mwenye roho mbaya, na hilo liliniuma zaidi. Nilipokwenda kumtetea alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa hata maji. "Alichagua," akasema. "Nyote mlimsikia." Na kweli, nilimsikia. Akaachishwa kazi, na tiketi ya Entebbe ikakatwa.

Nikaenda kwa kocha. Nilikuwa na hasira ya kumng'oa hata hayo meno ya bandia. Nikamwambia mtu wako anarudishwa kwao, kichwa kimeharibika, wewe ndiye uliyemwambia kichwa wazi ni heshima, sasa kaseme neno. Alinitazama kwa upole. Akaanza kunisimulia jinsi ligi ilivyowaheshimu wakongwe. Alipofika kwenye mayai alipangusa mdomo, akaanza upya: ligi ilipoamuru wachezaji wote wavae helmeti. Nilisimama pale na hasira yangu yote, sina pa kuitua. Tulimwigiza kocha yule kwa miaka, tukimcheka, na kumbe tulikuwa tunacheka kidonda cha kichwa kile kilichocheza wazi.

Siku ya safari nilimsindikiza Mganda kurudisha jaketi na kitambulisho. Sanduku lake lilikuwa mkononi mwangu, sikumwamini nalo. Tulikuwa tunatoka tukakutana na kocha mlangoni, anaingia, meno yapo mdomoni, amefurahi. Jana yake alikuwa ameambiwa kwamba Mganda anarudishwa kwao. Madam alimwambia mbele yangu.

"Mkongwe wangu!" akasema, akamkumbatia. "Ijumaa usichelewe. Na ukimaliza mechi tuzungumze habari ya darasa la watoto. Inshallah, karibuni."

Uso wa Mganda uliwaka. Sikuwa nimeuona hivyo tangu aanguke. "Yes, sir," akasema. "Nitakuja mapema."

Mmoja alikuwa amesahau kwamba mwenzake anafukuzwa, na mwingine amesahau kwamba amefukuzwa, wakashikana mikono wameridhika kabisa. Mwenye akili timamu pale nilikuwa mimi peke yangu, nimebeba sanduku. Niliwachukia wote wawili kwa furaha yao.

Kocha akanigeukia, akanipima kuanzia miguuni, wala hakunijua. "Na huyu mgeni," akamwambia Mganda, "hakikisha anavaa helmeti."

Mganda akacheka. Alicheka mpaka kwenye teksi, akicheka kile kicheko chake cha zamani cha kutupa mto. Tulipokaribia uwanja wa ndege akanyoosha mkono, akanigonga utosini kwa vidole viwili, taratibu, ko ko.

"Hodi humu ndani," akasema. "Umesikia, mgeni? Ijumaa uvae."

Nikamwambia nitavaa.